Mlango Usiokuwepo

Kwa mdogo wangu Makaa,

Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako miwili, si umeketi ukijikanda kiuno kama ulivyolalamika mara ya mwisho. Kusimama mbele ya turubai kutwa nzima si jambo dogo kwa mtu wa umri wako. Najua ukifika hapo utasema, dada naye, umri wangu anauona, wake je? Basi wangu nao nauona. Magoti yanalia kila ninapoinuka, na miwani nimeongezewa nguvu. Shemeji yako sukari yake imetulia. Anakusalimu sana, na anasema ile fremu aliyoitengeneza haijapinda hata kidogo, kwa hiyo kama kuna kilichopinda humu ndani kitafutwe kwingine. Utayaelewa maneno yake ukifika mbele. Mama ni mzima wa mwili. Mengine ya mama ndiyo niliyokaa kuyaandika, na nakuomba usome taratibu, usirukie mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vyangu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilijaribu. Kwenye simu wewe unacheka haraka, nami nikisikia kicheko chako ama nasahau nilichokusudia, ama nakikumbuka kwa hasira. Karatasi inanipa nafasi ya kuliacha jambo lipoe.

Najua pia kwamba unasubiri jibu moja tu. Uliniandikia kuuliza kama ile picha kubwa ya sebule iko tayari kufungwa, maana watu wa maonyesho watatuma gari kuja kuiazima, na bila hiyo, ulisema, ukuta wa kati utabaki mtupu. Jibu ninalo. Lakini nikikupa jibu bila maelezo utaniona mbaya kuliko nilivyo, na nikikupa maelezo bila jibu utaniona mwema kuliko nilivyo. Utavipata vyote viwili, kwa mpango wake. Miaka yote niliyofundisha uchoraji wa ramani za majengo niliwakataza wanafunzi kuanza na paa.

Nianze na siku ya kuhama. Nyumba yetu ilipowekewa alama ya kubomolewa ili ipishe barabara, tulimleta mama hapa kwangu. Nimeandika tulimleta kwa mazoea tu; wewe ulikuwa huko kwako. Mimi na shemeji yako ndio tuliobeba magodoro na cherehani, na lile kabati la sebuleni ambalo miguu yake ilikuwa imezama kwenye sakafu kana kwamba imeota mizizi. Wakati huo mama alikuwa ameshaanza kupotewa. Alikuwa anauliza jambo, unamjibu, anashukuru, kisha anauliza tena kwa adabu ileile. Na hapa kwangu hakupazoea hata kidogo. Kila asubuhi alikunja nguo zake, akazifunga ndani ya shuka, akaketi karibu na mlango kusubiri kupelekwa nyumbani. Nikimwambia, mama, hapa ndipo nyumbani, ananijibu kwamba ni pazuri sana, ahsante, ila yeye hakuzoea kukaa kwa watu.

Ndipo picha yako ikafika, imeviringishwa ndani ya bomba la plastiki. Shemeji yako akaifungia fremu ya mbao ngumu, tukaitundika chumbani kwa mama, ukutani mbele ya kitanda. Mama akasimama kizingitini akaitazama. Akavua kandambili zake kama mtu anayeingia kwake. Akasema, haya, tumefika. Kisha akalifungua furushi, akapanga nguo zake kabatini moja moja, na tangu siku ile hakulifunga tena. Alikula akiitazama, akasinzia akiitazama, na akiamka alikuwa anajua yuko wapi.

Mtu mwema angefurahi. Mimi, Makaa, nilisikia kitu kimenichoma hapa chini ya kifua, na kikakaa.

Niruhusu nikueleze kwa lugha ya fani yangu. Sebule yetu ilikuwa na dirisha moja, tena dogo. Wewe umechora mawili, na jua linaingia kwa yote mawili saa hiyohiyo, jambo ambalo jua halifanyi. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, ambayo mimi nilikuwa naisugua kila Jumamosi kwa magoti haya unayosikia yakilia. Yako ina miraba myeusi na myeupe kama ya hoteli. Umeweka ngazi inayopanda, na sisi hatukuwa na ghorofa. Na kwenye ukuta wa kushoto, mahali lilipokuwa lile kabati, umeweka mlango. Mlango wa bluu, uko wazi nusu, na nyuma yake kuna giza lisilotisha, kama la chumba ambacho mtu ametoka sasa hivi. Ukuta ule wa kushoto tulikuwa tumechangia na majirani. Ungeufungua mlango kama ule ungejikuta jikoni kwao, umesimama juu ya sufuria zao. Nilimwambia shemeji yako hivyo. Akacheka, akasema labda ndiyo maana wewe ulinenepa utotoni na mimi nikakonda.

Usidhani kazi yako siielewi. Wageni wakiuliza mdogo wangu anachora nini, huwa nawaeleza kwa uvumilivu kwamba hachori watu wala milima; anachora vyumba ambavyo havipo popote, vilivyoungwa kwa vipande vya vyumba vilivyokuwepo. Nilikusikia redioni ukimweleza mtangazaji. Ulisema anayehama hahami na nyumba, anahama na vipande vyake: sauti ya bomba, kizingiti kilicholika, mahali jua lilipokuwa linaangukia asubuhi. Kazi yako, ukasema, ni kuviunga vipande vya watu mbalimbali mpaka chumba kikalike. Maneno mazuri, tena umeyapanga vizuri. Lakini mtangazaji akakuita mtunza nyumba ya familia, na wewe hukumkatiza. Wakati ule nilikuwa nimeinama kwenye beseni nafua mashuka ya mama. Nikaikausha mikono, nikaifunga redio, nikarudi kwenye beseni. Mtunza nyumba! Wewe uliyeondoka na begi moja na ukaahidi kurudi mvua zikiisha!

Sasa sikiliza na hili. Kuna nesi wa mtaani kwetu anayekuja kumpima mama presha, mwanamke mcheshi, hana breki ya mdomo. Siku moja akaisifu picha. Mama akamwambia imechorwa na binti yake, ana binti mmoja tu, yuko mbali. Mimi nilikuwa nimeshika sahani, nampulizia mama supu. Nesi akaniangalia, akamwuliza, bibi, na huyu anayekulisha ni nani? Mama akanitazama kwa upole, akasema, huyu ni mwalimu. Anatusaidia sana, Mungu ambariki. Ila anapenda kusahihisha. Nesi alicheka mpaka kipimo kikamponyoka. Nikacheka na mimi, kwa sababu ningefanya nini? Nikatoka na sahani, nikasimama jikoni nikaiosha, na ilikuwa haijaisha supu.

Wivu wangu kwako si wa juzi. Una umri karibu sawa na wewe mwenyewe. Nilikuwa nasugua kuta ulizozichafua kwa makaa ya jikoni, farasi wako, majumba yako yenye madirisha kama matundu ya chujio, na jina la Makaa nikakupa mimi kwa hasira. Mama akalifanya la mapenzi. Mmoja wa michoro ile alinikataza kuufuta, akasogeza kabati kuuficha. Cheti changu cha kufaulu kilikaa chini ya godoro. Hata ile pembetatu ya mbao ya kuchorea, aliyonichongea baba nilipoingia shule ya ufundi, yenye tundu katikati, haikuwa yangu kwa amani. Kwanza wewe uliipondea makaa ukaivunja ncha. Halafu mama akaigeuza kabari ya mlango wa jikoni. Kila jioni, nikitaka kufanya kazi zangu za shule, ilinibidi nipige magoti niichomoe chini ya mlango, na kila asubuhi nikaikuta imerudi palepale. Nilimwambia kuna vipande vya mbao tele uani. Akasema hiki ndicho kinachokaa vizuri, upepo usije ukaubamiza mlango. Aliiweka hata siku ambazo jani halitikisiki.

Basi jioni moja nilichukua lenzi ya kukuzia, nikaikagua picha yako kona kwa kona. Cherehani ya mama iko. Kofia ya baba iko, juu ya msumari. Sandali zako ziko, tena umezipa mwanga mzuri. Changu sikukiona. Hata ufagio. Nikajiambia, sawa, ameichora nyumba kama anavyoikumbuka, na katika kumbukumbu yake mimi nilikuwa mtu wa kupita na ndoo.

Nilijaribu njia ya kiungwana kwanza. Nilichora ramani ya nyumba yetu ya kweli, kwa vipimo, kila ukuta na unene wake, dirisha moja, kabati mahali pake. Makaa, ilikuwa ramani safi, sijachora nyingine kama hiyo tangu nistaafu. Nikamwekea mama mapajani, nikamwelekeza kwa kidole: hapa ndipo ulipokuwa unakaa kushona, hapa ndipo tulipokuwa tunalala. Akaitazama kama mtu anayeonyeshwa daftari la mtoto wa jirani. Akasema, umefanya vizuri, mwalimu. Sasa hapa watu wanapita wapi?

Nikaikunja.

Halafu ikaja barua yako ya maonyesho. Nikawaza watu wamepanga foleni mbele ya ukuta ule wa kati, wanaambiwa hii ndiyo sebule aliyokulia, wanatikisa vichwa, wengine wanapiga picha kwa simu. Mlango usiokuwepo utaonekana na watu wengi kuliko waliowahi kuingia sebule ile ya kweli. Na nyumba yenyewe ni lami sasa, haiwezi kujitetea. Nikajiona kama mtu pekee aliyebaki mwenye ushahidi. Shemeji yako aliniona ninavyoitazama picha siku zile. Akaniambia, mke wangu, mimi nimetengeneza fremu tu, vita vya ndani si vyangu. Lakini usishindane na kitambaa, kitambaa hakichoki.

Sikumsikiliza. Sasa nakupa lile jibu.

Siku shemeji yako alipompeleka mama kliniki, nilikwenda kwa muuza rangi aliye karibu na stendi nikanunua rangi za mafuta na brashi tatu. Akaniuliza bibi unapaka geti? Nikamwambia ndiyo. Nikarudi, nikaishusha picha, nikailaza mezani, nikaufuta mlango wako. Nilipaka ukuta kwanza. Ulipoanza kukauka nikachora kabati juu yake, kwa mistari ya rula, pembe zote zimenyooka, vivuli vimekaa upande unaostahili, hata kile kitasa cha kushoto kilichokuwa kinaning'inia. Nitasema ukweli wote: lilikuwa kabati zuri. Nilirudi nyuma nikalitazama na nikajisikia kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichoibwa. Nikaitundika. Nilifungua madirisha harufu itoke, nikabandika chai.

Mama aliporudi aliketi kitandani kama kawaida, akainua macho. Niliona uso wake ukitafuta. Alianza na dirisha, akaja kwenye cherehani, akaja kwenye ukuta wa kushoto, akaanza upya. Akainuka akaenda mpaka kwenye picha, akaweka kiganja juu ya kabati langu. Rangi ilikuwa bado mbichi. Akautazama mkono wake uliochafuka, akauliza, wameufunga? Nikamwuliza nini, mama? Akasema, nani ameufunga, naye bado hajatoka?

Tangu hapo furushi likarudi. Anakunja, anafunga, anakaa karibu na mlango. Mara mbili ametuponyoka. Mara ya kwanza tulimkuta kwa fundi viatu, anaupapasa ukuta wake wa kushoto, na fundi masikini ameshika sindano juu, hajui aseme nini. Mara ya pili alikuwa barabarani, pale ilipokuwa nyumba yetu, magari yanampigia honi. Chakula anaonja tu. Halii kwa sauti; machozi yanashuka tu na yeye anaendelea kutazama mlango. Nesi alipokuja hakutania. Alinivuta pembeni, akaniambia, mwalimu, mwili ukikataa chakula katika umri huu haubembelezeki sana. Kitafuteni kilichompotea, kirudi.

Niliketi sakafuni karibu na mama. Kwa mara ya kwanza, naamini, sikumweleza kitu. Nilimwuliza tu: nani hajatoka?

Akaniambia. Aliniambia kwa mpangilio ambao sijausikia kwake miaka mingi, kana kwamba jambo lile limehifadhiwa mahali ambapo usahaulifu haufiki. Nyumba yao ya kwanza, kabla ya kuhama, kabla ya baba, kabla yetu sote, ilikuwa na sakafu ya miraba myeusi na myeupe. Ilikuwa na ngazi. Upande wa kushoto kulikuwa na mlango wa bluu, chumba cha mama yake. Siku walipolazimika kuondoka, alfajiri, kila mtu na mzigo wake, bibi yetu alibaki kwa ajili ya babu aliyekuwa hawezi kutembea. Alimwambia binti yake, tangulieni, uuache mlango wangu wazi, nitatoka kwa hapohapo niwafuate. Mama akauacha wazi. Alikuwa mtoto wa kubeba ndoo ndogo. Walivuka, wakafika, wakapanga, akakua, akaolewa, akatuzaa. Na bibi hakutokea.

Nikiwa nimeketi pale ndipo mlango wetu wa jikoni uliponirudia akilini. Haukuwa upepo, Makaa. Mama yetu aliacha mlango wazi katika kila nyumba aliyokaa.

Na wewe ulikuwa unajua! Uliijua miraba, uliijua ngazi, uliijua hata bluu yenyewe. Nilimwuliza mama haya alipata kumsimulia nani. Akasema alimsimulia mdogo, akimsuka nywele, maana mdogo alikuwa anauliza. Nikamwuliza, na mkubwa je? Akasema, mkubwa alikuwa na kazi za shule, tusingemsumbua.

Nitakuficha nini? Nilipaswa kumlilia bibi niliyekuwa sijawahi kumsikia, na badala yake nikalia kwa ajili ya nywele zako. Mimi nilikuwa najisuka mwenyewe mbele ya kioo ili mama apumzike. Nilidhani familia yetu ilianzia kwenye ile sakafu nyekundu. Naijua nyumba ile mpaka unene wa kuta, na ilikuwa nusu tu ya nyumba. Nusu nyingine ulipewa wewe, ukaondoka nayo, na ukaichora kwa miaka yote hiyo mbele ya watu ambao hawamjui bibi wala mama. Kwa nini hukuniambia? Au uliniambia kwa picha, nami nikahesabu madirisha?

Nilichukua tapentaini na kitambaa, nikaanza kuliondoa kabati langu. Usipige kelele, najua sasa kwamba sikupaswa. Rangi yangu ilikuwa haijashika vizuri, ikatoka, lakini ikatoka na yako kidogo. Bluu ikaanza kurudi, imechafuka. Nilikuwa nafanya polepole, lenzi mkono mmoja, kitambaa mkono mwingine. Nikafika chini kabisa, pale mlango unapokutana na sakafu. Pale nilikuwa nimewahi kuona doa la kahawia, nikadhani ni kivuli ulichokipaka kwa haraka. Nilipolifuta taratibu nikaona lina pande tatu. Katikati lina tundu. Ncha yake moja imevunjika.

Nililiangalia mpaka shemeji yako akaja kuuliza kama nimezirai. Nikampa lenzi. Akatazama, akasema, ala, si ile pembetatu yako hii? Kumbe wewe ndiwe uliyeushikilia.

Umenichora, mdogo wangu. Umenichora mahali nilipokuwa kweli, chini, nimekazana, mlango usifungwe. Na mimi nimejifuta kwa mkono wangu, kwa brashi ya kupakia geti. Ulipoivunja ile ncha nilikupiga kofi. Sikujua kwamba utaikumbuka ilivyokatika, upande gani, kiasi gani. Vipimo vyako kwenye kitu kile kidogo ni sahihi. Nimevikagua.

Kwa hiyo jibu ni hili: picha haiko tayari kufungwa. Mlango ni ukungu wa bluu na kijivu, ukuta una mabaka, na ile pembetatu imebaki nusu. Watu wa maonyesho wakija nitawarudisha. Ukuta wao wa kati ubaki mtupu, au wewe usimame mbele yake useme ni mlango. Usinitumie picha nyingine, na usinitumie mtu wa kutengeneza. Njoo wewe. Njoo na bluu ile, maana muuza rangi wangu ana bluu ya geti tu. Mama anahitaji kuuona mlango wake ukifunguka, na mkono wangu hauna uwezo huo. Nimejaribu, na kila ninachochora kinatoka kimefungwa.

Nina hasira na wewe bado, usije ukadhani barua imezimaliza. Ukija nitakupikia, nitakutandikia, na nitakuonea wivu mama akikushika uso. Lakini wakati unachora nitakaa kwenye kiti karibu yako, nami nitauliza. Utanieleza chumba cha bibi kilikuwaje. Hutaruka hata neno, na mimi sitakusahihisha.

Kuna jambo moja limetokea tangu nianze kuandika, na ndilo lililonipa nguvu ya kumaliza. Nilikwenda kulitafuta sanduku langu la vifaa vya kufundishia, nikaikuta pembetatu yenyewe chini ya makaratasi, imefifia lakini nzima, ukiacha ncha yako. Mama alikuwa amelala adhuhuri. Nikaufungua mlango wa chumba chake, nikapiga magoti, nikaisukuma chini yake kama kabari. Alipoamka alikaa muda mrefu anaitazama. Nikadhani inamkera, nikainama niichomoe. Akanizuia. Akasema, mwalimu, hiyo iache, ni ya binti yangu mkubwa. Ataitafuta akitoka shule. Atanung'unika, yule, atanung'unika sana, lakini ataiacha.

Nikamwambia, ndiyo, ataiacha.

Kisha akaomba chai, akanywa nusu kikombe. Furushi bado liko mapajani mwake, ila fundo moja amelilegeza.

Shemeji yako anakusalimu tena na anasema fremu inakusubiri. Nesi anakusalimu ingawa hamjuani. Anataka kumwona huyo binti mmoja tu wa mama. Usafiri salama, funga koti, na usibebe magazeti yaliyokuandika. Begi lijaze rangi.

Ni mimi dada yako uliyemzoea,
Mwalimu